Tabaka la msingi kwa picha za rangi ya mafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yafuatayo yamekusudiwa wachoraji wa rangi ya mafuta, hasa wanaofanya kazi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar na kwingineko katika ukanda wa joto na unyevu. Neno "rangi ya mafuta" linatumika hapa kwa maana ya rangi ya kuchorea iliyosagwa kwa mafuta ya kitani, si ile rangi ya kung'aa ya milango na madirisha ambayo duka la vifaa vya ujenzi huiita kwa jina hilohilo. Tofauti hiyo ishikwe tangu mwanzo, kwa sababu makosa mengi ya kuandaa kanvasi yanaanzia kwenye kaunta ya duka.

Tabaka la msingi ni nini, na kwa nini rangi isipakwe moja kwa moja juu ya kitambaa?

Msingi ni tabaka linalokaa kati ya kitambaa au ubao na rangi yenyewe, na lina kazi mbili. Kwanza linaipa rangi mahali pa kushika. Uso wake unapaswa kuwa na ukwaruzo kidogo na unyonyaji wa wastani, ili rangi ya kwanza isiteleze wala isifyonzwe yote. Kazi ya pili ni kuyazuia mafuta yasifike kwenye nyuzi. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka kwa kugeuka mvuke. Hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani na kuwa ngozi ngumu, na katika mwendo huo huzalisha asidi. Asidi hiyo ikikutana na pamba au kitani, nyuzi hugeuka rangi ya kahawia, hukauka, na baada ya miaka kadhaa hukatika kwa kuguswa tu. Picha huwa bado nzima kwa mbele ilhali kitambaa kilichoibeba kimekwisha kuoza.

Ndiyo maana kwa desturi maandalizi yana hatua mbili: gundi nyembamba ya kuziba nyuzi, kisha msingi mweupe juu yake. Jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe nzito ya msingi inayozimuliwa kwa maji, ilipoingia sokoni katika miaka ya 1950 iliziunganisha hatua hizo kuwa moja, na wengi wakasahau kwamba zilikuwa mbili.

Vitabu vya zamani vinasema kitambaa kipakwe gundi ya ngozi ya sungura. Je, niitafute?

Kwa anayeishi pwani, ushauri wangu ni kwamba asiitafute, hata akipewa bure. Gundi ya ngozi ina sifa nyingi njema: hukaza kitambaa kama ngoma na hushika vizuri mno. Tatizo lake ni kwamba haiachi kamwe kunywa unyevu wa hewa. Hewa ikikauka, hujikunja kwa nguvu na kuvuta kila kilicho juu yake. Unyevu ukipanda hadi kukaribia asilimia 80, hulegea na kupoteza nguvu ya kushikilia. Wakati wa masika mjini Dar es Salaam kiwango hicho hufikiwa na kupitwa karibu kila asubuhi. Picha iliyopakwa juu ya gundi hiyo inavutwa na kulegezwa mwaka hadi mwaka, na nyufa nyingi tunazoziona kwenye picha za kale za Ulaya zimetokana na mvutano wa namna hiyo, ingawa hali ya hewa ya huko haina unyevu wa namna yetu. Zaidi ya hayo, gundi ya ngozi ni chakula cha kuvu.

Tatizo la unyevu si geni hata kwa mabingwa. Mwaka 2023 watafiti walioshughulikia picha kubwa ya mchoraji Mholanzi Rembrandt ya mwaka 1642, inayojulikana kama "Ulinzi wa Usiku" na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam, walieleza kwamba chini ya msingi wake wa udongo wenye madini ya kwatzi kuna tabaka lenye madini ya risasi, na kwamba inaelekea kitambaa kililoweshwa mafuta yenye madini hayo badala ya kupakwa gundi ya kawaida. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba picha ilikusudiwa kutundikwa ukumbini kwenye ukuta wa nje uliokuwa na unyevu. Risasi ni sumu, na hakuna sababu ya kuiga dawa hiyo leo. Lililo la kuiga ni kwamba Rembrandt aliutazama kwanza ukuta ndipo akachagua cha kupaka.

Badala ya gundi ya ngozi, tumia gundi ya PVA (gundi nyeupe ya maji) isiyo na asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za sanaa, au midia ya akriliki, yaani kimiminiko cha akriliki kisichotiwa rangi. Paka tabaka 2 nyembamba na uache moja ikauke kabla ya nyingine.

Je, jeso ya akriliki peke yake inatosha?

Inatosha kwa kazi nyingi, kwa sharti kwamba ipakwe vya kutosha. Tabaka moja jembamba lililopakwa kwa haraka huacha matundu kati ya nyuzi, na mafuta hupenya hadi nyuma. Geuza kanvasi ya bei nafuu iliyochorwa mwaka mmoja uliopita, itazame mgongoni penye mwanga: ukiona madoa ya rangi ya asali yanayofuata umbo la mchoro, mafuta yameshafika kwenye pamba.

Mimi hupaka hivi. Ninaanza na tabaka 2 za midia ya akriliki kama kizibo. Kisha jeso ya kwanza naizimua kwa maji kidogo, pungufu ya robo ya ujazo wake, ili iingie vizuri kati ya nyuzi za kitambaa. Naisugua kwa brashi pana na ngumu kuelekea upande mmoja, na kabla haijaanza kushika napitisha brashi tupu ili kuondoa mapovu. Ikikauka, napitisha msasa laini kwa mkono mwepesi, nafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha napaka ya pili kwa kukata mwelekeo wa ile ya kwanza. Ya tatu inarudia mwelekeo wa mwanzo. Kwa picha za sura za watu, ambapo nywele moja ya brashi inaweza kuharibu jicho, naongeza ya nne na ya tano, kila moja ikifuatiwa na msasa. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa maana vumbi lile ni jepesi na hukaa hewani kwa muda mrefu kuliko linavyoonekana.

Usidanganywe na ukavu wa kidole. Jeso huonekana kavu ndani ya saa moja, lakini maji na viambato vingine huendelea kutoka ndani yake kwa siku kadhaa. Subiri siku 3 kamili kabla ya kuweka mafuta, na wakati wa mvua nyingi ongeza siku mbili au zaidi.

Ninaweza kutumia kitambaa cha amerikani badala ya kununua kanvasi?

Unaweza, na wengi wetu tulianza nacho. Jina lenyewe linabeba historia: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar pamba ya viwanda vya Marekani kwa wingi, na kitambaa hicho kikaenda bara pamoja na misafara hadi kikawa kama fedha. Kilicho madukani leo hufumwa kwingine, lakini jina limebaki.

Chagua kilicho kizito na kilichofumwa kwa kubana. Kinyanyue mbele ya dirisha; ukiweza kuona miti ya nje kupitia kwenye kitambaa, ni chepesi mno kwa picha yoyote inayozidi ukubwa wa karatasi ya daftari. Kitambaa kitokacho kiwandani huwa na wanga uliowekwa ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma, na wanga huo huizuia gundi kushika. Kifue kwa maji ya moto na sabuni kidogo, kisuuze mpaka maji yatoke safi kabisa, kianike, kisha kipige pasi kingali na unyevu kidogo. Kitapungua kwa kufua, nawe unataka kipungue sasa, kabla ya kukigongomea kwenye fremu.

Katika kutanda, anza katikati ya kila upande na uende kwenye pembe kwa zamu, pini moja huku na moja ng'ambo, ukihakikisha kwamba uzi mmoja wa kitambaa unakwenda sambamba na ukingo wa mbao kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi uliopinda huonekana baadaye kama wimbi kwenye pembe, na hakuna msingi utakaoliondoa.

Rangi ya maji ya nyumba ni nyeupe, ni rahisi, na inapatikana kila mtaa. Kwa nini isitumike?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu linatokana na hasara. Nilipokuwa naanza niliandaa kanvasi 3 za amerikani kwa rangi ya maji ya ukutani, nikazichora kwa mafuta ya gharama niliyoagiza kutoka nje. Masika mawili yalipita. Siku moja nilipokuwa nafuta vumbi niliona kwenye pembe ya mojawapo kipande cha anga kikiwa kimenyanyuka kama ganda la kitunguu. Nilikigusa kwa ukucha, kikatoka kikiwa kizima, na upande wake wa nyuma ulikuwa na unga mweupe mkavu uliobaki kidoleni kama chaki. Mafuta yangu yalikuwa salama. Kilichokufa ni kile kilichokuwa chini yake.

Rangi ya ukutani ya bei ya chini hujazwa unga mwingi na gundi kidogo, kwa kuwa ukuta haukunjwi wala hauvutwi. Kitambaa kwenye fremu hucheza kila siku, hulegea asubuhi na kukaza mchana, na kinahitaji msingi unaocheza nacho. Isitoshe, hakuna anayekuahidi kwamba mchanganyiko wa debe la mwaka huu ndio wa mwaka jana. Kwa mazoezi ya darasani, ambayo hakuna atakayeyauza, itumie bila wasiwasi. Kwa picha unayoitia sahihi na kumkabidhi mtu aliyelipa fedha zake, hapana. Ikiwa bajeti inabana, punguza ukubwa wa picha au idadi ya mirija ya rangi, jeso usiiguse.

Na chokaa?

Usitumie. Chokaa ya kupakia nyumba ina alikali kali, na alikali ikikutana na mafuta ya kitani huyageuza sabuni. Kwa sababu hiyohiyo, ukuta mpya wa chokaa au saruji hauchorwi kwa mafuta kabla ya kukomaa na kuzibwa. Unga mweupe unaofaa kwa msingi ni chaki, yaani kalsiamu kaboneti, au jasi iliyotayarishwa kwa kazi hiyo. Kwa macho vinafanana na chokaa, kwa hiyo soma maandishi ya mfuko.

Naweza kujitengenezea jeso?

Kwa ubao mgumu, ndiyo. Jeso ya asili, iliyotumiwa na wachoraji wa Italia wa zama za kati, ni chaki au jasi iliyochanganywa na gundi ya ngozi yenye uvuguvugu. Gundi isichemke, kwa sababu mchemko unaua nguvu yake. Unga huchujwa polepole juu ya gundi mpaka uache kuzama, ndipo unapokorogwa taratibu bila kuingiza hewa. Hupakwa tabaka nyingi, na uso wake hufanana na pembe ya ndovu iliyosuguliwa. Hakuna cha kiwandani kinachoupita kwa kazi ndogo na za makini. Lakini ni tabaka gumu lisilokunjika, kwa hiyo haliwekwi kamwe juu ya kitambaa, na ule udhaifu wa gundi ya ngozi mbele ya unyevu unabaki palepale. Nairobi au Arusha inaweza kukaa vizuri. Mombasa singeijaribu.

Ama kuhusu kuchanganya gundi nyeupe ya seremala na unga wa chaki, mchanganyiko huo hushika, lakini gundi nyingi za mbao huwa na asidi na hugeuka njano. Ukilazimika, utumie kwenye ubao tu.

Kati ya kitambaa na ubao, kipi kinafaa zaidi?

Kwa hali ya hewa yetu mimi naegemea ubao bila kusita kwa picha zisizozidi sentimita 60 kwa 60 au karibu na hapo. Ubao hauchezi kama kitambaa, kwa hiyo rangi ya mafuta, ambayo kwa miaka inazidi kuwa ngumu, haivutwi huku na huku. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, aina ya ubao wa dari, na rangi za kung'aa za dukani. Rangi hizo zilikuwa tofauti na zetu, lakini uchaguzi wa ubao ulikuwa wa mtu anayejua kinachopatikana na kinachodumu.

Hadibodi ichukuliwe ile yenye unene wa kutosha, ichorwe upande laini baada ya kupigwa msasa na kufutwa kwa spiriti. Plaiwudi huelekea kupasuka kwa mistari myembamba inayofuata nyuzi za mbao, na mistari hiyo hutokeza kwenye picha. Ukiitumia, gundisha kwanza kitambaa chepesi cha pamba juu yake. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ina uso mzuri sana, lakini kingo zake hunywa maji na kuvimba kama mkate, kwa hiyo kingo zizibwe kwa uangalifu kuliko uso. Kwa mbao zote hizi paka pande mbili, mbele na nyuma, kwa idadi sawa ya tabaka. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine na kujikunja.

Tena mbao zina rangi yake ya asili inayoyeyuka katika maji, nayo huweza kupanda na kuipa jeso doa la chai. Kizibo cha akriliki, tabaka 2 zilizokauka vyema, huizuia.

Kipo pia kifaa ambacho wachoraji wachache wa kwetu wamekitazama: bao za alumini zenye plastiki katikati, ambazo watengeneza mabango huzitumia na mara nyingi huuza mabaki kwa bei nafuu. Hazinywi maji, hazioti kuvu, wala mchwa hawana habari nazo. Ondoa karatasi ya kinga, kwaruza uso kwa msasa mpaka mng'ao uishe wote, futa kwa spiriti, kisha paka jeso. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari sijui kitu kinachozishinda.

Msingi wa mafuta una faida gani juu ya jeso?

Brashi huteleza juu yake kwa ulaini ambao jeso haina, na rangi hubaki na mng'ao wake kwa kuwa hainyonywi. Hutandazwa kwa kisu kipana juu ya kitambaa kilichokwisha kuzibwa, tabaka 2 nyembamba. Ule wenye alkidi, yaani utomvu wa kiwandani unaoharakisha kukauka, unahitaji angalau wiki moja hadi mbili kabla ya kuchorwa. Ule wa mafuta matupu unahitaji miezi.

Soma orodha ya rangi iliyomo. Nyeupe ya titani inafaa. Nyeupe ya zinki iepukwe kwenye msingi, kwa sababu zinki ndani ya mafuta huunda sabuni za madini, na tabaka huwa gumu, likapasuka na kuachana na lililo juu yake. Na matambara yaliyofuta mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni: hupata joto yenyewe na huweza kuwaka moto. Yaloweshe maji au yatandaze nje yakauke.

Vipi kuhusu magunia na lubugo?

Gunia la juti lina heshima yake. Mchoraji Gauguin alipokuwa Arles, kusini mwa Ufaransa, na mwenzake Van Gogh mwaka 1888 alinunua jora la juti la mita 20, na wote wawili walilichora. Ule ukwaruzo wa nyuzi unaonekana mpaka leo. Juti hata hivyo huoza haraka kuliko pamba na ina matundu makubwa, hivyo inahitaji kuzibwa mara 3 au zaidi, pande zote mbili.

Lubugo, kitambaa cha gome la mutuba kinachopondwa Uganda, ni jambo jingine kabisa. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, anachora juu yake kwa mafuta, na mishono na matundu ya gome huwa sehemu ya picha. Anayetaka kuifuata njia hiyo asiifiche sura ya gome kwa jeso nyeupe nzito. Tumia midia ya akriliki isiyo na rangi, tabaka nyembamba 3 au 4, mpaka tone la maji likae juu bila kuzama.

Msingi uwe mweupe au wenye rangi?

Msingi mweupe hurudisha nuru kupitia tabaka nyembamba za rangi, na ndio wa kuchagua ukipenda uangavu. Msingi wa kahawia au kijivu cha wastani humsaidia mchoraji kupima mwanga na kivuli tangu mpako wa kwanza, kwa sababu juu ya weupe kila rangi huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Kumbuka tu kwamba rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri inavyozeeka, na msingi wa giza hujitokeza polepole. Picha nyingi za karne ya 17 zimekuwa na giza kuliko zilivyokusudiwa kwa sababu hiyo. Mimi hubaki na msingi mweupe, kisha naufuta kwa utando mwembamba wa ocha (rangi ya udongo wa manjano) uliozimuliwa kwa tapentaini.

Rangi yangu inafubaa kwa mabaka baada ya kukauka. Je, ni kosa la msingi?

Mara nyingi ndiyo. Mahali ambapo jeso ni nyembamba au imesuguliwa mno, mafuta hunyonywa na kuacha rangi kavu. Paka mafuta kidogo sana juu ya baka na ufute yote yasiyohitajika kabla ya kuendelea. Kanvasi ijayo iongezewe tabaka moja.

Nitajuaje kama msingi wangu umeshika?

Andaa kipande kidogo pamoja na kanvasi kubwa, kwa vifaa vilevile na siku ileile. Baada ya siku 3, chora kwa wembe mistari ya kukatana, bandika utepe wa gundi, ubonyeze kwa kidole gumba, kisha uuvute ghafla. Utepe ukitoka na vipande vya nyeupe, msingi haujashika. Kwenye sehemu nyingine dondosha tone la mafuta ya kitani, uliache usiku kucha, kisha tazama mgongoni. Doa likionekana, rudia kuziba.

Nina picha ya zamani iliyoshindikana. Naweza kuipaka jeso na kuanza upya?

Hapana. Kilicho na asili ya maji hakishiki juu ya mafuta. Kitabanduka kama ngozi iliyoungua. Mafuta juu ya akriliki ni sawa, akriliki juu ya mafuta si sawa. Kitoe kitambaa, ihifadhi fremu.

Mnunuzi anataka kusafiri na picha ikiwa imeviringishwa. Msingi utahimili?

Msingi wa jeso ya akriliki juu ya kitambaa utahimili ikiwa rangi imekauka vizuri. Izungushe kwenye bomba pana, lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, uso wa picha ukiwa nje, na karatasi isiyo na asidi katikati. Wengi huuficha uso kwa ndani wakidhani wanaulinda, na hapo rangi hubanwa na kukunjamana. Akriliki hukakamaa penye baridi kali, kwa hiyo mwambie anayeipeleka Ulaya wakati wa kipupwe aiache ndani ya chumba chenye joto kwa siku nzima kabla ya kuifungua.